Binti Aliyesimama Mbele ya Wazee

Somo: Hesabu 27:1–11 na Yoshua 17:3–6

Wewe mama uliye jikoni ukipuliza moto, na wewe ndugu uliyebanwa ndani ya matatu ukienda kazini, na wewe mgonjwa unayesikiliza redio ya jirani ukiwa kitandani, sote na tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo tutaanza na jambo ambalo labda litawashangaza wengine wenu. Tutaanza na sinema.

Katika likizo ya Agosti tulikuwa tumewaita watoto wa Shule ya Jumapili pamoja na vijana wacheze mpira katika uwanja wa kanisa. Lakini kama mjuavyo baridi ya Agosti huku kwetu milimani, manyunyu yalianza tangu asubuhi na uwanja ukawa tope tupu. Basi kijana mmoja akaleta kompyuta yake na projekta, akina mama wakatundika shuka jeupe ukutani, na watoto wakaambiwa wachague. Sisi wazee tulitumaini watachagua habari za Musa au za Danieli. Hawakuchagua hivyo. Walichagua sinema ya kuchekesha iitwayo The Princess Diaries 2: Royal Engagement, iliyotengenezwa na kampuni ya Disney ya Marekani mwaka 2004. Tulikaa nyuma tukiwa tayari kuizima iwapo lingetokea jambo lisilofaa. Nyanya mmoja alimfunika mjukuu wake macho mara mbili. Zaidi ya hapo tulicheka pamoja nao.

Hii ni sinema ya pili. Katika ile ya kwanza ya mwaka 2001, msichana wa shule wa huko San Francisco, jina lake Mia, anaambiwa ghafula kwamba marehemu baba yake alikuwa mwana wa mfalme, na kwamba yeye ni mrithi wa kiti cha nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Genovia. Msiitafute nchi hiyo katika ramani, kwa maana ni ya kubuniwa tu. Katika sinema ya pili Mia amemaliza chuo kikuu, ametimiza miaka 21, naye anakuja kukaa kwa nyanya yake, Malkia Clarisse, ajiandae kutawala.

Lakini kumbe yuko mtu mmoja katika bunge la nchi hiyo, Viscount Mabrey, anayetaka kiti kile kiwe cha mpwa wake. Anasimama na kuwakumbusha wenzake sheria ya zamani: mwanamke hawezi kuwa malkia wa Genovia asipokuwa ameolewa. Wanampa binti yule siku 30. Asipopata mume katika siku hizo, kiti atapewa kijana yule.

Kuanzia hapo ni kicheko tu. Wanaletwa wachumba katika picha, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Binti anatumbukia katika bwawa la maji ya mapambo mbele ya wageni. Siku ya gwaride anapanda farasi kwa mtindo wa mabibi wakubwa, akitumia mguu wa bandia wa mti ili aonekane amekaa upande mmoja, na Mabrey anamshtua farasi kwa nyoka wa mpira, ule mguu unaanguka, na umati wote unatazama. Watoto wetu walicheka hata benchi moja likapinduka.

Sisi tulio wakubwa tulifurahi kwa sababu nyingine pia. Anayeigiza nafasi ya malkia ni Julie Andrews, yule aliyeimba katika The Sound of Music ya mwaka 1965, na wengine wetu tulimwona tukiwa vijana. Mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji wa koo na sauti yake ikaharibika. Katika sinema hii anaimba tena kidogo, kwa sauti ya chini, akiwa katikati ya wasichana. Mzee mmoja karibu yetu alisema polepole, "Bwana asifiwe," ingawa wimbo wenyewe haukuwa wa kanisa.

Kuna na sehemu ya maandamano ya sherehe, ambapo Mia yumo ndani ya gari la farasi akiwapungia watu mkono, anamwona mtoto mdogo wa kike akisukumwa na wavulana kando ya njia. Anasimamisha maandamano yote. Anashuka, anawakuta ni yatima, anawavika mataji madogo, anatembea nao barabarani kwa miguu. Watoto wetu walipiga makofi hapo. Mabrey yeye hakupiga makofi. Ndipo alipotambua kwamba binti yule anaweza kweli kutawala.

Basi ikafika siku ya arusi. Mia amekubali kuolewa na kijana mwema asiyempenda, apate kuokoa kiti chake. Kanisa limejaa, na wazee wa bunge wameketi wote humo ndani wakiwa na wake zao. Binti anaingia, anasita, anatoka nje. Nyanya yake anamfuata, kwa maana yeye mwenyewe kwa miaka mingi aliuweka wajibu mbele ya moyo wake, na anajua gharama yake. Kisha Mia anarudi kanisani. Haendi kusimama kando ya bwana arusi. Anawageukia watu, akiwa katika nguo yake nyeupe, anawaambia wazee wale kwamba nyanya yake ameongoza bila mume kando yake, na anawaomba wawatazame wanawake walioketi karibu nao, mabinti zao na dada zao. Je, wangewataka hao nao waolewe na mtu wasiyempenda, kwa masharti kama haya? Anawaomba sheria ile iondolewe. Na yule kijana, mpwa wa Mabrey, anakikataa kiti. Wazee wanapiga kura pale pale, na sheria inakwisha.

Twakubali kwamba mambo hayaendi upesi namna hiyo. Hata katika falme za kweli yalichukua miaka. Huko Sweden, Victoria alizaliwa Julai 1977 akiwa mtoto wa kwanza wa mfalme, lakini Mei 1979 alipozaliwa ndugu yake wa kiume, yule mtoto mchanga ndiye aliyekuwa mrithi. Sheria ilibadilika mwanzoni mwa mwaka 1980 na Victoria akawekwa mbele, Sweden ikawa ya kwanza kufanya hivyo. Uingereza walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2013, ikaanza kutumika mwaka 2015. Wazee wa Nyeri wanakumbuka kwamba Elizabeth alipata kuwa malkia akiwa hapa hapa Kenya, tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki. Alikuwa na miaka 25. Lakini kama angalizaliwa ndugu wa kiume nyumbani mwao, hata akiwa mdogo wake kwa miaka kumi, huyo ndiye angaliyetangulia.

Sinema ilipokwisha watoto walikimbilia chai. Akabaki msichana mmoja wa miaka kama kumi na mmoja, anakunja shuka. Akatuuliza, "Babu, wale wazee wa bunge walikuwa wamekaa mle kanisani tangu mwanzo?"

Tukamjibu, "Ndiyo."

"Na walikuwa wanajua ile sheria ni mbaya?"

Tukasema labda wengine walijua.

"Basi mbona walingoja mpaka aseme yeye?"

Wapendwa, tulikuwa na kikombe mkononi, na chai ikapoa. Nyanya yake msichana yule tunamjua sana, na tutarudi kwake baadaye.

Fungueni nasi kitabu cha Hesabu. Katika sura ya 26 Waisraeli wako katika nchi tambarare za Moabu, ng'ambo ya Yeriko, na Musa na Eleazari kuhani wanawahesabu watu. Wanaohesabiwa ni wanaume wenye miaka ishirini na zaidi wanaoweza kwenda vitani, na jumla yao ni 601,730. Hesabu hiyo haikuwa ya vita tu. Nchi ingegawanywa kwa kufuata majina hayo. Aliye na jina katika orodha ana shamba. Asiye na jina hana.

Sasa tazameni mstari wa 33. Selofehadi mwana wa Heferi, wa kabila la Manase, hakuwa na wana wa kiume, alikuwa na binti tu. Na majina yao yameandikwa: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Tulisoma mstari huu miaka mingi bila kuuona. Kwa maana mtu fulani alishika kalamu siku ile akayaandika majina matano, akajua kabisa kwamba nyumba hii haina mwanamume wa kuhesabiwa, na kwamba kwa hiyo haitapata hata pembe moja ya shamba. Kisha akaendelea na jamaa iliyofuata. Viongozi walikuwepo. Makuhani walikuwepo. Ndugu za baba yao walikuwepo. Hakuna tunayesoma habari zake kwamba aliinuka akasema, "Bwana Musa, hapa pana kasoro."

Ndipo katika sura ya 27 wale mabinti wanasogea wenyewe. Wanasimama mbele ya Musa, na mbele ya Eleazari, na mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania. Jaribu kulipima jambo hilo, ewe binti unayetusikiliza. Wewe ukitakiwa kusoma tangazo tu kanisani, miguu inatetemeka. Hawa hawana baba, hawana kaka, wanasimama mbele ya watu maelfu. Na wanasema kwa akili nzuri. Hawamtukani mtu. Wanasema baba yao alikufa jangwani, hakuwa katika kundi la Kora walioasi, alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Wanauliza kwa nini jina lake lifutwe kwa sababu tu hakuzaa mtoto wa kiume. Wanaomba milki kati ya ndugu za baba yao.

Twampenda Musa hapa. Hakuwaambia, "Nendeni mkaolewe." Wala hakusema kwamba desturi ni desturi. Alilichukua neno lao akalipeleka mbele za Bwana, na Bwana akamjibu kwamba mabinti wale wamesema sawa. Kisha Bwana akatoa amri kwa Israeli yote: mtu akifa bila mwana, urithi wake aupewe binti yake. Asipokuwa na binti, ndipo wapewe ndugu zake. Asipokuwa na ndugu, ndipo wapewe ndugu za baba yake. Enyi akina baba wadogo na baba wakubwa, mmesikia zamu yenu inakuja baada ya nani?

Yuko atakayetuambia tusome na sura ya 36. Naam, tumeisoma. Wakuu wa jamaa yao walikuja na shauri la pili, na mabinti wakaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili shamba lisihamie kabila lingine. Nao wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Hatufichi kwamba sura hiyo ina uzito wake, na wako wanaoitumia kunyang'anya kwa mkono wa kushoto kile kilichotolewa kwa mkono wa kulia. Lakini isomeni polepole. Haisemi mabinti wanyang'anywe. Inasema waolewe na wale wanaowaona kuwa wema machoni pao, katika kabila lao. Milki inabaki yao.

Tena, jambo ambalo wengi hulipita: katika Yoshua 17 mabinti wale wanasimama mara ya pili. Musa amekwisha kufa. Mto Yordani umekwisha kuvukwa. Amri ipo, imeandikwa. Hata hivyo, inawabidi wamwendee Eleazari na Yoshua na kuwakumbusha kwamba Bwana aliamuru wapewe. Ndipo wakapewa. Kuwa na amri ni jambo moja, na kukanyaga shamba ni jambo lingine.

Na sisi Wakenya twalijua hilo. Sheria yetu ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo haikutenga binti na mwana katika kugawana mali ya mzazi aliyekufa bila wasia, ingawa iliacha mashamba na mifugo ya wilaya fulani za wafugaji chini ya desturi. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza katika kifungu cha 60 kwamba ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, uwe wa sheria au wa desturi. Yameandikwa hayo. Lakini ni mabinti wangapi asubuhi hii wanaambiwa na jamaa zao kwamba shamba si lao, kwa kuwa wataolewa?

Sasa turudi kwa nyanya wa yule msichana.

Mwaka 1994 mzee mwenzetu wa kanisa alifariki. Mkewe alikuwa ametangulia. Aliacha mabinti watatu, na ekari saba, nusu yake kahawa. Majuma machache baada ya mazishi, ndugu zake waliita kikao, na kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa kanisa, wakaomba kikao kifanyike katika jumba la kanisa, na sisi wazee tufungue kwa maombi. Tulikuwa wanne. Tulifungua kwa maombi. Wale ndugu wakaanza kugawana: kahawa kwa huyu, bonde kwa yule, nyumba kwa kijana wa yule wa tatu.

Binti wa kwanza akasimama. Alikuwa na miaka 28, amefunga kitambaa kichwani, na mikono yake alikuwa ameishika nyuma. Akasema, "Wazee wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka baba hospitalini. Sisemi mengi. Naomba tu nijue sisi tutakaa wapi."

Baba yake mdogo akamjibu, "Mtaolewa."

Ndipo akatugeukia sisi. Hakusema neno. Alitutazama tu, mmoja baada ya mwingine, wote wanne. Sheria ilikuwa imefanya kazi miaka kumi na mitatu. Mmoja wetu alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, naye aliijua. Sote tuliijua Hesabu 27, kwa kuwa tuliwahi kuisoma katika ibada. Tulikaa kimya. Tulijiambia kwamba mambo ya shamba ni ya jamaa, na kanisa lisiingilie. Kisha tukaombwa tufunge kikao, nasi tukafunga, na maombi yenyewe yalikuwa marefu sana.

Alikwenda mahakamani peke yake. Ekari tatu zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Katika kesi alituma mtu kwetu, akiomba mmoja tu aje aseme kwamba yeye na dada zake ni watoto wa marehemu na kwamba waliishi katika nyumba ile. Hakwenda mtu. Mmoja wetu alisema ana homa. Mwaka 2007 alipata ekari mbili na nyumba ya baba yake, na humo ndimo anamokaa hata leo. Huja kanisani kila Jumapili. Huketi karibu na mlango.

Kwa hiyo mjukuu wake alipotuuliza kwa nini wazee wale walingoja, hatukuwa na jibu la kumpa mtoto. Jumamosi iliyofuata tuliondoka, wawili wetu tuliobaki kati ya wale wanne, pamoja na mama mmoja ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Tulipiga hodi. Alitukaribisha vizuri, akaleta chai na nduma. Tulipomaliza kula tulimwambia lile tulilopaswa kulisema mwaka 1994, na kwamba tulikosa mbele zake na mbele za Mungu. Hatukutoa sababu.

Alinyamaza muda mrefu, akikusanya vikombe. Kisha akasema, "Wale wengine wawili wameshazikwa. Na baba mdogo pia."

Tukasema ni kweli.

"Mimi nilisamehe," akasema, "kwa sababu ningekufa kama nisingesamehe. Lakini yule mdogo wetu hajaingia kanisani tangu siku ile. Si kwetu hapa tu. Hajaingia kanisa lolote. Yuko Nakuru, ana watoto wanne. Kama mna nguvu za kuja hapa, mwendeeni na yeye."

Ametupa nambari ya simu. Yule dada mdogo alipokea, akasikiliza, akasema tukitaka kuja tuje, lakini hana ahadi yoyote ya kutupa. Tunasafiri siku ya Alhamisi kwa gari la asubuhi. Tunawaomba mtuombee katika safari hiyo, na zaidi mumwombee yeye.

Wale wenye Biblia nyumbani, juma hili someni Hesabu 26 mpaka 27, kisha Yoshua 17, pamoja na watoto wenu wa kike na wa kiume. Kwa herini, hadi juma lijalo, Bwana akipenda.